Swali la Siku ya Pili

Mpwa wangu alipomleta mwanawe Dodoma mjini kutoka kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, mtoto alikuwa na umri wa miezi tisa. Tumbo lilikuwa limewambwa kama ngoma, mikono imekonda. Nyumbani walisema ni mchango, wakamnywesha dawa za mizizi. Siwalaumu. Kadi yake ya kliniki nayo haikuwa na neno lolote juu ya choo chake.

Ugonjwa huo una jina la Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana huumbwa bila seli za neva zinazouwezesha kusukuma uchafu. Kinyesi hukwama, na utumbo ulio juu ya hapo hutanuka. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000. Dawa ya kunywa haiutibu. Tiba ni kukata kipande hicho na kuuvuta utumbo mzima hadi kwenye njia ya haja.

Tangu Orvar Swenson na mwenzake walipochapisha upasuaji huo huko Marekani mwaka 1948, mengi yamebadilika. Penye uchunguzi wa mapema, mtoto mchanga huweza kupasuliwa mara moja tu, pengine bila hata kufunguliwa tumbo. Wetu alichelewa. Ilibidi kwanza atobolewe tumbo ili haja ipitie hapo, arudi nyumbani, apate nguvu, kisha aitwe tena. Sera ya nchi inamsamehe gharama za matibabu mtoto wa chini ya miaka mitano. Haimlipii mama nauli, malazi, wala mifuko ya kukingia haja. Mifuko ikiisha, mpwa wangu hufunga kipande cha kanga.

Tunajenga hospitali kubwa, na ni vema. Lakini watoto wengi wazima hupata choo cha kwanza, kile cheusi kinachonata, ndani ya saa 24, na karibu wote ndani ya saa 48. Mama wengi huwa wamekwisha kuruhusiwa kabla ya muda huo kutimia. Naomba basi anayemwona mtoto siku ya pili au ya tatu aulize kama amepata choo, aandike jibu kwenye kadi, na asiyepata apewe rufaa siku hiyo hiyo.

Mjukuu wangu bado anasubiri upasuaji wa pili.