Kivuko cha Jana

Kuna kosa ambalo mtu hulitenda akiwa na nia njema kabisa, na kwa sababu hiyo huchelewa kulitambua. Kosa langu lilihusu chupa ya maji. Nalisimulia hapa kwa kuwa wengi kati yenu mmeanza kusafiri, wengine kwa masomo, wengine kwa mikutano ya vijana, na siku moja mtaulizwa na watu wa nyumbani: “Wewe uliyekwisha kupanda ndege, tufunge mizigo namna gani?”

Mwezi wa Mei 2024 nilisafiri kwenda Ulaya kwa mara ya kwanza, kwa mafunzo ya majuma matatu. Nilitoka Bukavu, nikavuka Ruzizi, nikashika barabara mpaka Kigali, na huko nikapanda ndege. Kabla ya safari nilikuwa nimeikariri sheria neno kwa neno: kila kitu cha majimaji katika mzigo wa mkononi kiwe ndani ya chombo kisichozidi mililita 100, na vyombo vyote viingie katika mfuko mmoja wa lita 1, unaoonyesha vilivyomo. Nilihamisha mafuta ya kujipaka katika vichupa vidogo, nikatafuta dawa ya meno ya tyubu ndogo, nikaiacha nyumbani chupa ya manukato niliyopewa na dada yangu.

Wakati wa kurudi, kwenye kiwanja kimoja cha ndege cha Ulaya, niliutoa mfuko wangu kwa fahari, kama mwanafunzi anayetoa kazi aliyoifanya nyumbani. Mtumishi akatikisa kichwa, akaniambia niurudishe ndani ya sakoshi. Mashine zao zilikuwa mpya. Mbele yangu msafiri mmoja alipitisha chupa nzima ya maji na chupa kubwa ya sabuni ya nywele, na hakuna aliyemsimamisha.

Nilirudi Bukavu nikiibeba habari hiyo kama mtu aliyeokota lulu njiani. Niliwasimulia wenzangu baada ya Misa, niliwasimulia wazee wa jumuiya. “Ile sheria ya zamani imekwisha,” nilisema. Sikusema “kwenye kiwanja kimoja,” wala sikusema “siku ile niliyopita mimi.” Nilisema “imekwisha,” na watu wakaniamini, maana nilikuwa nimetoka huko.

Katika jumuiya yetu yumo mjane mmoja aliyepita umri wa miaka 70, ambaye sisi sote humwita Mama. Mwezi wa Oktoba mwaka huo alibahatika kuingia katika kikundi kidogo cha mahujaji waliokwenda Lourdes, huko Ufaransa. Jioni mbili kabla ya safari alikuja kwetu. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amelala kitandani huko Kadutu kwa mwaka wa pili, miguu haina nguvu. Mgonjwa huyo hakuomba kitambaa wala viatu kutoka Ulaya. Aliomba maji ya Lourdes tu, ya chemchemi ile iliyoonekana mwaka 1858, wakati wa Bernadette Soubirous. Maji hayo hayauzwi. Kila hujaji hufungua bomba na kujaza chombo chake, awe tajiri au maskini.

“Mwanangu,” Mama aliniuliza, “hiyo chupa niiweke wapi wakati wa kurudi?”

Jibu sahihi lilikuwa rahisi. Sheria ya mililita 100 huhusu mzigo wa mkononi. Chupa ya maji ikifungwa vizuri, ikavikwa nguo na kulazwa katikati ya valizi inayoingia tumboni mwa ndege, husafiri bila maswali. Lakini mimi nilikuwa na lulu yangu. Nikamjibu: “Mama, uishike mkononi. Valizi hurushwa huku na huku, chupa itapasuka. Nayo huweza kuchelewa kufika. Mkononi watu wanapita na chupa nzima siku hizi, nimeona kwa macho yangu.”

Kweli nilikuwa nimeona kwa macho yangu, na ndiyo maana sikuona haja ya kuuliza tena.

Mama alirudi salama. Alinipelekea rozari ndogo ya mbao, akanishukuru kwa mashauri yangu. Nilipomwuliza habari za njiani, alisema, “Tumefika vizuri, mwanangu. Mungu asifiwe.” Kuhusu maji hakutamka neno.

Mwezi uliofuata, sisi vijana tulikwenda kuwatembelea wagonjwa wa Kadutu. Tulipoingia kwa wifi yake Mama, niliona juu ya kigoda, karibu na mshumaa, kichupa cha glisirini chenye karatasi yake ya rangi. Nikauliza kwa mzaha kama siku hizi mafuta ya kujipaka nayo yanawashiwa mshumaa. Mgonjwa akacheka hadi akakohoa. “Kumbe hajakwambia?” akasema. Ndipo akatusimulia.

Kwenye ukaguzi wa kiwanja cha ndege, mtumishi aliitoa chupa ya Mama ndani ya sakoshi, ilikuwa ya lita 1, akamwonyesha tangazo ukutani. Mama hajui Kifaransa sana. Alichoelewa ni ile namba tu, 100. Wenzake walimwombea, wakaeleza kwamba ni maji ya hija. Mtumishi hakuwa mtu mbaya, lakini sheria haikumwachia nafasi. Alimpa mambo mawili achague: kuiacha chupa katika pipa la takataka, au kutoka kwenye mstari na kuyanywa maji hapo nje.

Mama alitoka kwenye mstari. Hakulia. Aliwaita wenzake, wakanywa mmoja mmoja, na mwanamke mmoja mgeni aliyekuwa nyuma yao na mtoto akanywa pia. Kisha Mama akakumbuka kichupa chake cha glisirini, kilichoandikwa mililita 100. Akayamimina mafuta yote mikononi, akajipaka, akawapaka na mama wengine wawili, mikono yao ikang’aa kama ya bibi arusi. Akakiosha kichupa bombani, akakijaza maji yaliyosalia, akarudi kwenye mstari. Hapo akapita.

“Kwa hiyo maji yangu yana harufu ya mafuta,” mgonjwa alimaliza. “Nikijipaka magotini, naomba nguvu kwa Mungu na ngozi nayo inalainika.”

Sote tulicheka. Mimi pia nilicheka, lakini kicheko kilinikwama kooni. Mama alikuwa amevuka bahari na bara kwa ajili ya chupa ile, na neno langu lilimpotezea sehemu tisa kati ya kumi. Na alikuwa amenyamaza ili asinitie aibu.

Usiku ule ndipo nilipofanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kujibu. Niliuliza na kusoma.

Tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza walitangaza kwamba wamekamata watu waliopanga kulipua ndege zinazotoka London kwenda Marekani na Kanada, wakitumia vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa katika chupa za vinywaji. Kwa siku chache wasafiri wa Uingereza walikatazwa karibu kila mzigo wa mkononi. Tarehe 6 Novemba mwaka huohuo nchi za Umoja wa Ulaya zikaanza kuitumia sheria ya mililita 100, na mwaka uliofuata ikaenea katika nchi nyingi za dunia. Sababu yake ilikuwa udhaifu wa mashine. Zile za zamani ziliuonyesha mzigo kama kivuli kilicholala, na katika kivuli ilikuwa vigumu kutofautisha maji na kitu cha kuua. Kwa kuwa mashine haikuweza kuyapambanua majimaji, sheria iliyapunguza.

Mashine mpya hufanya kazi kama zile skana za hospitali kubwa: huuzunguka mzigo na kuuchora pande zote. Kwa hiyo baadhi ya viwanja vya Ulaya viliruhusiwa kuacha kipimo cha mililita 100, na ndivyo nilivyoona mwezi wa Mei. Lakini tarehe 1 Septemba 2024 Umoja wa Ulaya ulikirudisha kipimo hicho hata mahali penye mashine mpya, kwa sababu za kiufundi. Mashine zilibaki palepale, zikiwa zimewashwa, lakini ruhusa ilikuwa imeondolewa. Mimi nilimshauri Mama mwezi wa Oktoba kwa sheria iliyokufa mwezi mmoja kabla.

Nayo haikuishia hapo. Mwezi wa Julai 2025 aina fulani za mashine hizo zikakubaliwa tena. Leo chupa ileile yaweza kupita katika kiwanja kimoja na kukataliwa katika kingine, hata ndani ya nchi moja, kwa kutegemea mashine iliyopo. Tena, anayebadilisha ndege njiani huweza kukaguliwa upya, na kilichopita asubuhi kikatupwa jioni.

Nilikwenda kwa Mama, nikaungama kosa langu. Alikuwa akichambua sombe barazani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: “Mwanangu, ulinionyesha kivuko ulichokivuka wewe. Lakini tangu ulipovuka mvua ilinyesha, mto ukajaa. Kule kijijini kwetu, mtu akikuuliza njia ya mtoni, humwambii ‘vuka hapa’ ukanyamaza. Humwambia, ‘mimi nilivuka hapa juzi, nawe ukifika, pima kwa fimbo.’”

Maneno hayo sijayasahau. Tangu siku ile, mtu akiniuliza habari za mizigo, humwambia lini nilipita na wapi, kisha humwambia atazame yeye mwenyewe sheria za kila kiwanja atakachopitia, siku chache kabla ya safari, au awaulize wenye ndege. Yasiyobadilika haraka humwambia pia.

Kinachopimwa ni chombo, si kilichomo: chupa ya mililita 200 yenye matone machache hukataliwa. Asali, mawese, pilipili ya kusaga yenye mafuta, dawa ya meno, mafuta ya kujipaka, manukato, vyote huhesabiwa kuwa majimaji. Sabuni ya kipande haihesabiwi, nayo huosha mwili sawasawa na ile ya chupa. Dawa za mgonjwa na maziwa ya mtoto mchanga huruhusiwa kupita kipimo, kwa kiasi kinachohitajika safarini, lakini vionyeshwe, na karatasi ya daktari iwe mkononi. Sisi wa Bukavu na Goma tunaopitia Rwanda tukumbuke kwamba nchi hiyo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008; afadhali kutafuta kijifuko imara chenye zipu, kinachoonyesha vilivyomo na kinachotumika miaka mingi. Na kile ambacho hatungevumilia kukipoteza, tusikipeleke mpaka mbele ya mashine kwa kubahatisha. Kiende katika valizi, au kibaki nyumbani.

Lakini siwaandikii haya kwa sababu ya vichupa peke yake. Sisi tuliosoma kidogo na kusafiri kidogo tunaulizwa mambo mengi: namna ya kuomba viza, ya kuandikisha mtoto chuoni, ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa. Anayetuuliza mara nyingi hana njia nyingine ya kujua. Tukikosea sisi, anayelipa ni yeye, tena hulipa akiwa mbali, mbele ya mtumishi asiyemjua, kwa lugha asiyoisema. Na akiwa mtu wa heshima kama Mama, atarudi na kutushukuru, nasi tutaendelea kuwafundisha wengine kosa lilelile.

Kwa hiyo nawaomba, katika kikundi chenu, mwulizane bila kuoneana haya: ni shauri gani nililompa mtu mwaka huu bila kulihakiki? Je, nilirudi kumwuliza lilimfikisha wapi? Mimi sikurudi kwa Mama. Kichupa cha glisirini ndicho kilichoniita.

Wifi yake Mama bado amelala Kadutu, na maji yake hayajaisha, maana huyatumia tone kwa tone. Mwezi uliopita nilimpitia. Alinipaka tone moja kwenye kiganja, akanitazama akitabasamu. Harufu ya mafuta ilikuwa imebaki kidogo.