Ile Feza

Katika Kiswahili cha kwetu Salamabila sarafu zina rangi mbili tu: falanga nyeupe na falanga nyekundu. Zote huitwa falanga za chuma, ingawa katika kopo la nyanya hapakuwa na chuma hata chembe. Sisi vijana hatukuhitaji maneno zaidi ya hayo. Franka iliyoanza mwaka 1998 ni ya karatasi, na mimi sijawahi kununua andazi kwa sarafu. Hata neno lenyewe "sarafu" nililikuta darasani.

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, na ndani yake mlikuwa na sarafu 43. Siku chache kabla ya kufariki, nyanya aliwaambia mjomba na mama mdogo: "Ile feza ni ya dada yenu. Zingine mugawane." Dada yao ni mama yangu. Maneno yakaishia hapo, na baada ya matanga yakaanza kufasiriwa.

Mjomba alisema feza ni pesa, na pesa zinazotumika ni zile noti chache zilizofungwa kwenye pindo la kitenge. Kopo ni la wote. Mama mdogo alisema hapana, feza ni falanga nyeupe, maana nyekundu kwao hazikuitwa feza hata siku moja. Mama alinyamaza. Mimi, mwanafunzi wa lugha, nikaulizwa, na kila mmoja alitazamia niwe upande wake.

Sarufi ya kitabuni ingetoa jibu haraka: "ile" ni umoja, wingi ungekuwa "zile", kwa hiyo nyanya alitaja kitu kimoja. Lakini nyanya hakusema Kiswahili cha kitabuni. Kwetu "ile" hubeba kimoja na vingi bila taabu. Ile feza, ile mawe, ile watu. Ningemhukumu marehemu kwa ngeli asizozitumia. Nilichoweza kusema kwa haki ni kwamba neno fedha lilitoka katika Kiarabu likiwa jina la madini, na maana ya pesa ikapandia juu yake. Kwetu maana ya madini imebaki midomoni mwa wazee. Vijana husema falanga au makuta. Basi niliomba jambo moja: kabla ya kubishana juu ya neno, tujue kama humo koponi mna fedha yenyewe.

Kuzitenga za alumini kulikuwa rahisi. Franka za miaka ya mwisho ya Wabelgiji na likuta ya 1967 ni nyepesi kiasi kwamba ukifumba macho unadhani umeshika kifungo cha shati. Ukiiangusha kwenye saruji hulia kama kipande cha bati, ikanyamaza. Mama mdogo alizitazama nyeupe zake zikipungua kutoka 23 hadi tisa, wala hakufurahi.

Nyekundu nazo si za aina moja. Ile yenye tundu katikati na nyota, ya mwaka 1888, ni shaba. Zile zenye picha ya tembo, za miaka ya 1940, ni shaba nyeupe iliyochanganywa na zinki. Mojawapo, ya 1943, ina pembe sita. Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu 1940, hivyo hiyo ya pembe sita ilipigwa Philadelphia, Marekani. Nilisugua ukingo wa moja iliyokwisha kulika, kwa majivu na ndimu, ikatoka ya njano. Ya 1888 ikatoka nyekundu kama ngozi ya kitunguu. (Zilizo nzima msizisugue. Wanaokusanya sarafu hawapendi kabisa.)

Ikabaki moja ambayo haikuingia upande wowote: kubwa, nyeusi kama sufuria iliyosahaulika motoni. Mjomba alikuwa ameiweka kando akisema imeungua. Ilikuwa na tembo yuleyule, namba 50, na mwaka 1944. Picha haikusaidia, maana tembo huyo huyo yuko kwenye franka moja ya mwaka huo huo, ya njano. Weusi ndio ulionishtua. Alumini haiwi nyeusi namna ile, wala nikeli, fedha huwa.

Salamabila ni mji wa dhahabu, kwa hiyo vifaa havikosekani. Jirani aliniazima sumaku anayoitumia kuvuta mchanga mweusi wa chuma kutoka kwenye karai. Haikuvuta hata sarafu moja. Hilo lilionyesha tu kwamba hatukuwa na chuma kilichopakwa. Sumaku haitofautishi fedha na shaba. Mwingine akaleta chupa ya asidi ya nitriki. Nikakataa: asidi hiyo hula fedha kama inavyokula shaba, na moshi wake si wa kuvutwa uani penye watoto.

Kilichosaidia ni mzani. Wazee walipimia dhahabu kwa njiti za kiberiti, lakini siku hizi mnunuzi ana mzani wa betri unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Tulipima sarafu kavu: gramu 17.42. Kisha tukaweka kikombe cha maji juu ya mzani, tukaurudisha kwenye sifuri, tukaizamisha sarafu ikining'inia kwenye uzi bila kugusa chini. Mzani ukasoma 1.80, yaani uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya, unapata karibu 9.7. Shaba ni 8.96, fedha safi ni 10.5. Kwa uhakika nilifunga uzi sarafu tano za makuta za enzi ya Mobutu, nyeupe na nzito, nikazizamisha pamoja: zikatoa 8.9, kama inavyofaa mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Sarafu ya franka 50 ya 1944 ilitengenezwa nusu fedha, nusu shaba, na hesabu ya mchanganyiko huo ni hiyohiyo 9.7. Mnunuzi alicheka. Fedha yote iliyomo haifiki gramu tisa, na mahali wanapouza dhahabu hakuna anayeitolea macho. Lakini mwaka ule franka 50 hazikuwa mchezo kwa mtu wa Kabambare. Tangu 1942 kazi za lazima zilikuwa zimepandishwa hadi siku 120 kwa mwaka, na nyanya alisema baba yake alilipwa sarafu ile mara moja tu, akakataa kuivunja.

Mzani haukuweza kutuambia nyanya alikusudia nini. Mjomba aliligusa hilo mara moja: "Umepima falanga, hukupima maneno." Mama mdogo ndiye aliyeuliza swali lililotuliza nyumba: kama nyanya alitaka kumpa dada noti, mbona hakumpa mkononi? Dada alikuwa amekaa palepale.

Noti zikalipa deni la matanga. Sarafu 42 ziligawanywa kwa aina zake, alumini kwa alumini, shaba kwa shaba, si kwa rangi. Ile nyeusi aliichukua mama bila kuisafisha. Mjomba akifika nyumbani, kabla hajakaa, humwuliza: "Dada, ile nusu ya shaba utanipa lini?"