Nani Kapiga Usiku?

Jumatatu, 9 Machi

Bili imekuja. Simu za saa nane usiku, kwenda nchi ambazo hatuna hata mteja mmoja. Mhasibu kaiweka mezani kwangu, kasimama palepale. Dada, nikamwambia, hakuna aliyekaa humu akapiga. Wezi wamepiga kupitia seva yetu, wako mbali huko. Hakuelewa, na hana kosa.

Nimefungua logi. friendly-scanner, friendly-scanner, ukurasa mzima. Ndilo jina ambalo SIPVicious, programu ya kupima seva za simu za mtandao, hujitambulisha nalo, mtu asipolibadilisha. Programu ileile niliyo nayo kwenye kompyuta yangu! Roho imeniuma.

Jumanne, 10 Machi

Kwa Mzee, bosi wetu, kuomba kibali cha kuijaribu seva kama mwizi. "Yaani mwanangu, unataka kuniibia ili unioneshe kwamba naibiwa?" Ndiyo, Mzee, na nataka uniandikie. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo. Kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni kosa, hata ukiwa fundi wa nyumba hiyohiyo. Nimeandika anwani ya seva, saa za kazi, na nani apigiwe mambo yakiharibika. Kaisoma pole pole, kasaini.

Jumatano, 11 Machi, usiku

Baada ya futari nikarudi ofisini. Kimya.

svmap ya SIPVicious kwanza. Bandari 5060, seva ikaitika mara moja, ikataja na toleo lake. Ni Asterisk, programu inayoendesha simu zetu, ya zamani mno. Halafu svwar, inauliza namba moja moja: 100, 101, 102... Namba isiyokuwepo inajibiwa 404. Iliyopo inajibiwa 401, yaani leta nywila. Basi! Hapo mwizi keshajua namba zetu zote na hajavunja chochote.

Kisha svcrack, ya kubahatisha nywila, kwenye simu ya mapokezi, 201. Nywila: 201. Hata chai sijaonja.

Lakini kilichonitoa jasho ni Wireshark, programu ya kunasa pakiti za mtandao. Nilipiga kutoka chumba cha mikutano kwenda mezani kwangu, nikahesabu moja mpaka kumi, nikakata. Kisha nikafungua pakiti nilizonasa, nikabonyeza kucheza. Sauti yangu, kavu, na feni ya dari ikivuma nyuma yake. RTP tupu, yaani sauti inapita wazi, haijafichwa hata kidogo. Aliyeweza kunasa pakiti za mtandao huu angesikia kila kitu. Nikamkumbuka mhasibu, kila Ijumaa akiisomea benki namba za akaunti kwa simu. Usingizi sijui kama utakuja.

Ijumaa, 13 Machi

Leo nimeziba mianya. Kwenye Asterisk, alwaysauthreject nimeiweka yes. Sasa namba iliyopo na isiyokuwepo zinajibiwa sawasawa. Nimerudia svwar, imetoka mikono mitupu. Raha! Nywila ndefu kwa kila simu. Simu zinasajiliwa kutoka anwani za ndani tu. fail2ban inamfungia anayebahatisha. Simu za nje ya nchi zimezimwa kwa wote isipokuwa Mzee na mtu wa manunuzi.

Mzee kauliza jambo la maana: kwa nini programu za hatari hivi zinagawiwa bure, si zingepigwa marufuku? Nimelifikiria njia nzima, kwenye daladala. Sandro Gauci aliitoa SIPVicious mwaka 2007. Gerald Combs aliitoa Wireshark kwa mara ya kwanza mwaka 1998, enzi hizo ikiitwa Ethereal. Wangeziuza ghali, ofisi ndogo kama yetu isingenunua. Mwizi angenunua, au angeiba, maana hiyo ndiyo biashara yake. Sisi tungebaki kulipa bili bila kujua tumeingiliwa wapi. Hapana, Mzee. Ziachwe huria, na msimbo wake usomwe na kila anayetaka. Kwa hilo siyumbi.

Bado simu ya mhasibu. Ni ya zamani, haikubali SRTP, yaani RTP iliyofichwa. Nimeomba mpya. Mpaka ifike, namba za akaunti zisitajwe kwa simu. Nimemwambia mwenyewe, na kakubali kwenda benki kwa miguu.