Redio Ndani ya Mabati
Atokaye Pwani akafikia nyumba ya mabati kwa Wanubi wa Makina, Kibera, au kule Kawangware, hustaajabu: Iqra FM, masafa 95.0, yasikika wazi mlangoni, ndani ni mkwaruzo mtupu. Bati huzuia mawimbi kama bodi la gari. Ndiyo maana antena ya matatu husimama nje. Nayo haja ni kubwa: jua la Mombasa hutangulia kuchwa, wala adhana ya kwetu haimfuturishi aliye Nairobi. Mama atafute waya uliovishwa plastiki, aupitishe dirishani, sentimita 79 zake, robo ya wimbi la masafa hayo, zisimame wima nje pasi kugusa bati. Ncha ya ndani, iliyomenywa, aifunge kwenye antena ya redio. Mawingu ya radi yakitanda, auvute ndani mapema.