Mume na Mke Wasiojuana

Hadithi za upelelezi zilizochanganyika na mapenzi aghalabu huanza kwa watu wawili wageni, ambao hatari huwaleta karibu. Agatha Christie, mtungaji wa Kiingereza, aliupindua utaratibu huo katika N or M? kilichotoka mwaka 1941. Alichukua mume na mke walioishi pamoja miaka mingi, hata watoto wao wakakua, akawatia katika nyumba moja ya wageni na kuwalazimisha waamkiane kama watu waliokutana siku ile.

Mume ni Tommy Beresford, na mke huitwa Tuppence. Walijuana tangu utoto, na wasomaji waliwafahamu mwaka 1922 katika The Secret Adversary, walipokuwa vijana waliotoka katika kazi za vita bila ajira wala fedha. Sasa ni mwaka 1940. Uingereza inahofia majasusi wa Ujerumani, nao wamefika makamo; kila waombapo kazi hukataliwa. Hatimaye Tommy anapewa kazi ya siri: aende pwani ya kusini, katika nyumba iitwayo Sans Souci, ajifanye Bwana Meadowes, na mkewe aambiwe kuwa amepata kazi ya ofisi Scotland. Mke alikwisha kuyasikia yote kwa siri. Tommy anapofika Sans Souci anamkuta mjane mmoja, Bibi Blenkensop, anafuma sufu. Ni Tuppence!

Mkutano huo ndio moyo wa kitabu. Tommy hawezi kuuliza, wala kucheka, wala kuonyesha mshtuko. Hatari yake si bastola ya adui bali macho yake mwenyewe, maana uso uliouzoea uso mwingine hausahau kwa amri. Mtungaji alibuni hila nzuri: Bibi Blenkensop hujionyesha kuwa mjane anayewinda mume, na wapangaji wamwonapo akimwandama Bwana Meadowes hucheka tu, wasishuku. Mapenzi ya kweli yanajificha nyuma ya mapenzi ya uongo.

Lakini liko jambo ambalo kitabu hulipita kwa mzaha, nalo lilistahili kukaliwa. Tommy alimdanganya mkewe kwa amri ya wakubwa. Tuppence alimdanganya mumewe kwa sababu hakukubali kuachwa nyuma. Uongo huo hauna uzito mmoja. Wa kwanza ulimtoa mwenzi katika maisha ya pamoja, wa pili ulimrudisha.

Christie mwenyewe alipata kuishi kwa jina la kubuni. Desemba 1926, ndoa yake ilipokuwa ikivunjika, alitoweka siku 11, akaonekana katika hoteli mjini Harrogate, ameandikishwa kwa jina la ukoo la mwanamke aliyependwa na mumewe. Mumewe, Archibald, alikwenda huko kumtambua. Talaka ilifuata mwaka 1928. Haifai kuigeuza riwaya kuwa ushahidi wa maisha ya mtungaji, ingawa wahakiki wenye haraka huupenda mchezo huo. Hata hivyo, mume kumkuta mkewe miongoni mwa wageni, naye ana jina lisilo lake, ni tukio alilolijua Christie kwa uchungu. Katika riwaya, mume anayemtambua mkewe anafurahi.

Riwaya ya mwisho aliyoiandika, Postern of Fate ya mwaka 1973, ni ya Tommy na Tuppence tena. Wamezeeka, wamehamia nyumba nyingine pamoja na mbwa wao, na Tuppence amekuta maneno ya siri katika kitabu cha watoto kilichoachwa na wenyeji wa zamani.