Mwongozaji Niliyemchagua

Kupenda hakuhitaji hoja, lakini kuchagua kwahitaji. Mtu akiulizwa ni mwongozaji gani wa sinema ampendaye kuliko wote, aweza kutaja jina moja na kunyamaza. Akiulizwa kwa nini amemchagua huyo akawaacha wengine, hana budi kuonyesha mizani aliyoitumia. Nataka kuieleza mizani yangu, kwa kuwa nadhani yaweza kumfaa msomaji hata kama jina nitakalolitaja halitampendeza.

Waongozaji wastahilio sifa ni wengi. Akira Kurosawa wa Japani, katika Ikiru ya mwaka 1952, alisimulia habari za mtumishi wa serikali aliyegundua kuwa saratani inamwua, akazitoa siku zake za mwisho kuwajengea watoto uwanja wa kuchezea. Satyajit Ray wa Bengali alitoa Pather Panchali mwaka 1955, na umaskini wa nyumba moja ya kijijini ukapata uzuri usiosahaulika. Kama mizani ingekuwa uzuri wa picha peke yake, ningemchagua Ray, wala nisingeona haya. Lakini niliyemchagua ni Ousmane Sembène wa Senegal, ambaye picha zake pengine ni kavu, na wahusika wake mara nyingine husema kama watu waliosimama mbele ya mkutano.

Sembène alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa Ziguinchor, kusini mwa Senegal. Elimu yake ya shule ilikuwa fupi. Alikuwa askari katika jeshi la Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na baadaye mpakuzi wa shehena katika bandari ya Marseille. Huko ndiko alikoanza uandishi. Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka mwaka 1956. Na mwaka 1960 alitoa Les Bouts de bois de Dieu, juu ya mgomo wa wafanyakazi wa reli wa mwaka 1947 hadi 1948. Jina alikwisha kulipata. Lakini wengi wa wale aliowaandika, wachukuzi, mafundi wa reli na wake zao, hawakuweza kumsoma. Basi akikaribia umri wa miaka 40 alikwenda Moscow kujifunza kutengeneza sinema. Mimi niliye katika umri kama huo najua kuwa si jambo jepesi kwa mtu mwenye sifa kurudi kuwa mwanafunzi.

Hata hivyo sinema haikulimaliza tatizo mara moja. Katika La Noire de... ya mwaka 1966, Diouana, msichana wa Dakar, apelekwa Antibes kuwa mtumishi wa nyumbani, na upweke na udhalilifu vyamfikisha kujiua. Mawazo yake ya siri tunayasikia kwa Kifaransa fasaha, ingawa yeye hajui kusoma. Moyo ni wake, ulimi ni wa wengine. Miaka miwili baadaye Sembène alitoa Mandabi, ambayo wahusika wake husema Kiwolofu. Kwa kuwa sehemu ya fedha ilitoka Ufaransa, ilibidi itengenezwe na nakala nyingine kwa Kifaransa. Lakini ile ya Kiwolofu ndiyo iliyoishi.

Kisa chenyewe ni chepesi. Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi, mwenye wake wawili na watoto wengi, aletewa hawala ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake afagiaye njia huko Paris. Sehemu kubwa ni akiba ya kijana. Fungu la mzee ni faranga 2,000 tu. Posta wataka kitambulisho. Kitambulisho chataka cheti cha kuzaliwa, na cheti chataka tarehe asiyoijua. Mpiga picha amla fedha zake, na wadai wanamngoja mlangoni. Mwishowe Mbaye, jamaa yake aliyesoma na mvaa suti, ajitolea kumsaidia. Dieng atia sahihi hati ya kumpa uwezo wa kuichukua fedha. Mbaye aichukua, adai kuwa ameibiwa, na kumtupia mzee gunia la mchele.

Hapa ndipo uchaguzi wangu ulipokamilika. Ningeweza kuisifu Mandabi kwa ajili ya lugha tu, na mwalimu wa Kiswahili angetazamiwa kufanya hivyo. Lakini Mbaye naye husema Kiwolofu. Amdhulumu mzee kwa lugha ya mama yao wote wawili, tena kwa upole na heshima. Silaha yake ni elimu, na ngao yake ni imani ya mzee kwa msomi wa ukoo. Sembène aliyeigeukia sinema ya Kiwolofu ili asikike na watu wake hakuwadanganya kwamba lugha yao peke yake itawaokoa.

Somo hilo latuhusu sisi tulao mkate wa Kiswahili. Tanzania ilitunga sheria mwaka 2021 ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, nasi tukafurahi kwa haki. Lakini hati iliyoandikwa kwa Kiswahili yaweza bado kumshinda mzee, kama aliyeiandika alitaka imshinde, au hakumfikiria kabisa. Kumpa mtu lugha yake ni kumfungulia mlango. Atakayemkuta ndani ni jambo jingine.

Sembène alifariki Dakar mwaka 2007. Sinema yake ya mwisho, Moolaadé ya mwaka 2004, husema Kibambara, lugha ya wanakijiji wa hadithi ile, si ile aliyoitumia katika Mandabi. Ndani yake mwanamke mmoja awapa hifadhi wasichana wanaokimbia kukeketwa, na wanaume wazikusanya redio za wake zao na kuzichoma moto, ili sauti za nje zisiwafikie. Basi mizani yangu ni hii: kazi imefanywa kwa ajili ya nani, na imemwacha na nini mkononi? Msomaji aweza kumchagua Ray, au Kurosawa, nami sitambishia. Namwomba tu, kabla ya kumpima mwongozaji, aipime kwa mizani hiyo tasnifu iliyo mezani pake.