Mzee wa Stoo ya Kemikali

Stoo ya kemikali ya idara ya chuo kikuu niliyofanyia kazi imebomolewa. Mahali pake panajengwa maabara mpya ya ghorofa, nami nafurahi, maana paa lile lilivuja miaka mingi. Kilichonichoma ni swali la mtoto wa kaka yangu, anayesoma kemia mwaka wa tatu. Nilikuwa namsimulia habari za stoo ile akaniuliza, "Shangazi, kwani kulikuwa na mtu wa kukaa humo kutwa? Alikuwa anafanya nini?" Hakuuliza kwa dharau. Hajawahi kumwona mtu wa namna hiyo, kwa hiyo hajui kwamba anamkosa.

Barua yangu ya ajira ya ufundi sanifu wa maabara inasema 1978. Mtunza stoo nilimkuta kazini, na idara nzima ilimwita Mzee, hata maprofesa waliomzidi umri.

Asubuhi alikuwa akifungua mlango, kisha anasimama kizingitini na kunusa. Taa haikuwashwa mpaka madirisha yawe wazi, kwa sababu mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na cheche ya swichi inatosha kuuwasha. Stoo ilikuwa na harufu yake: utamu wa etha, ukali wa amonia unaotoboa pua, siki ya asidi ya asetiki, na chini yake vumbi la lebo za karatasi. Harufu moja ikizidi, Mzee alikwenda moja kwa moja kwenye chupa iliyolegea kizibo.

Rafu zake hazikufuata alfabeti. Chupa kubwa za asidi, zile za lita mbili na nusu, zilikaa chini kabisa, kila moja ndani ya beseni, ili hata ikipasuka isimwagikie mtu usoni. Amonia iliwekwa mbali na asidi ya hidrokloriki, kwa sababu mivuke yake ikikutana hufanya ukungu mweupe unaoganda kwenye chupa na kufuta lebo. Asidi ya nitriki haikukaribia kitu chochote kinachoungua. Sodiamu ilizama ndani ya mafuta, na bromini ilikuwa na trei yake ya mchanga.

Siku zangu za mwanzo aliniita pembeni akanionyesha chupa ya asidi ya pikriki. "Binti yangu," alisema, "hii isikauke." Ikiwa imeloa maji ni unga wa manjano uliotulia. Ikikauka ni baruti, na chembe zilizonasa kwenye nyuzi za kizibo zinaweza kulipuka mtu anapokifungua tu. Kila wiki aliikagua, akaongeza maji, akaandika daftarini.

Daftari lile lilikuwa la jalada gumu, limeandikwa kwa penseli. Kila chupa ilikuwa na tarehe ya kufika, na chupa ya etha ilikuwa pia na tarehe ya kufunguliwa. Etha iliyofunguliwa ikikaa na hewa na mwanga hujitengenezea peroksidi, na anayekuja kuichemsha hadi ikauke anaweza kulipukiwa. Mzee alichukua matone machache akayajaribu kwa iodidi ya potasiamu. Yakigeuka manjano, chupa ile haikutoka tena.

Katika miaka ile ya foleni na uhaba wa fedha za kigeni, shehena ya kemikali kutoka Uingereza ilisubiriwa kama barua ya mtoto aliye mbali. Hapo ndipo nilipojua uzito wa mtu yule. Mhadhiri mmoja alikuja kuchukua etha, na stoo nzima ilikuwa na chupa moja, ya siku nyingi. Mzee alimwambia, "Mwalimu, hii haitoki." Mhadhiri alipanda kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara aliuliza swali moja tu, kama Mzee ameipima. Aliposikia ameipima, jambo likaisha, na somo lile liliahirishwa.

Simsifu kwa kila kitu, wala zama zile sizitamani zote. Wanafunzi walivuta asidi kwa pipeti za mdomoni, na wapo walioimeza. Tuliosha mikono kwa benzini ikiwa na rangi isiyotoka, na leo kila mtu anajua kwamba benzini husababisha saratani ya damu. Waya tulizowekea bika juu ya moto zilikuwa na asbesto katikati. Kipimajoto kikivunjika, zebaki ilifagiliwa ikaingia kwenye nyufa za sakafu. Hayo yalikuwa mazoea katika maabara nyingi, na Mzee hakuwa na namna ya kujua hatari zake.

Ujuzi uliendelea kuja, mara nyingi kwa gharama ya maisha. Agosti 1996, Profesa Karen Wetterhahn wa Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethili ya zebaki juu ya glavu yake. Glavu ya mpira haikuzuia kitu. Alifariki Juni 1997. Kwa kifo chake dunia ilijifunza kuwa si kila glavu ni kinga.

Mzee alistaafu katika miaka ya kupunguza wafanyakazi, na nafasi yake haikujazwa. Daftari lilikwenda masijala, sikuliona tena. Aliyepewa ufunguo, akiwa na kazi nyingine tatu, alizipanga chupa kwa alfabeti ya Kiingereza, ambayo inaiweka asidi ya nitriki bega kwa bega na nitrobenzini. Ukizichanganya hizo mbili unapata kilipukaji.

Mwaka 2003 Tanzania ilipata sheria ya usalama na afya mahali pa kazi, na nyingine ya kusimamia kemikali. Kenya ilitunga yake 2007. Nilizipokea kwa furaha. Zikaja alama mpya zenye umbo la almasi na ukingo mwekundu, miwani ya kinga, fomu za tathmini ya hatari. Fomu zinajazwa, zinasainiwa, zinafungiwa kabatini, na chupa ya etha isiyo na tarehe inabaki pale pale. Inaniudhi sana, kwa sababu kila kitu kinachohitajika tunacho isipokuwa mtu.

Mwishoni mwa 2008, katika chuo kikuu cha UCLA, Marekani, msaidizi wa utafiti Sheharbano Sangji, mwenye umri wa miaka 23, aliungua akifanya kazi na kemikali inayowaka ikigusa hewa, bila koti la maabara. Alifariki Januari 2009. Kile ni chuo tajiri chenye ofisi nzima ya usalama, lakini saa ile hakuwepo karibu naye mtu wa kumwambia, "Vaa koti kwanza."

Kwa hiyo namjibu mtoto wa kaka yangu, na wanaojenga maabara ile wasikie. Kazi yake ilikuwa kuijua kila chupa na kusema hapana. Jengo jipya liajiri mtunza stoo aliyesomea kazi hiyo, asiye na kazi nyingine. Awe na mamlaka ya kumzuia hata profesa. Na asistaafu kabla hajakaa mwaka mzima na atakayempokea, wakizipitia rafu pamoja.